Msihamishe Sponji ya Kushoto

Ule mtumbwi mwekundu unaoning'inia darini, juu ya meza ya msasa, msiushushe. Dari ikivuja mkalazimika, sawa, ushusheni, lakini sponji iliyo ndani yake msiihamishe hata upana wa kidole. Imekaa upande, na imekaa hivyo kwa makusudi. Nawajua ninyi. Mkiona kitu kimepinda, mikono inawawasha kukinyoosha. Huo ni ufundi mzuri wa makabati.

Nimestaafu mwaka huu wa 2019 kwa sababu mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Mliniomba niwaachie maneno ya kazi, nami naandika Kiswahili, maana hapo karakana anayesema Kiingereza safi ni redio peke yake. Habari za mshahara na vyeo siandiki, hazijazi ukurasa. Nitaandika habari za Faida, kwa kuwa karibu kila jambo la maana nililojifunza katika kazi hii nilijifunza nikitengeneza vitu alivyovunja yeye.

Nilianza 2015, nikiwa tayari na mvi. Kabla ya hapo nilikuwa nikipaka rangi magari yaliyogongwa, huko Randburg, humu humu Johannesburg, na kabla ya hapo nilikuwa kwetu Kalemie, lakini hayo ni marefu. Mwenye karakana alikuwa mzee mzungu wa Kiafrikana ambaye wote walimwita Oom Hennie, yaani Mjomba Hennie. Alikuwa fundi wa mitumbwi na mwalimu wa wanaoiendesha. Siku ya kwanza alinipa mtumbwi wenye tundu, akaenda zake kunywa kahawa. Nikaziba kwa nje, nikapiga msasa, nikapaka rangi mpaka ukang'aa kama gari la harusi. Aliporudi aliusifu sana. Kisha akaweka kidole gumba juu ya kiraka changu, akasukuma, kidole kikatokea upande wa pili.

"Kiraka kinaanzia ndani, Papa Sifa," akasema. "Cha nje ni cha kuwafurahisha wapita njia."

Sifa ni binti yangu wa kwanza, na mzee yule alilitamka jina lake vizuri kuliko wakwe zangu.

Nilijifunza. Resini, ile gundi inayoshikilia vitambaa vya mtumbwi, ukiizidishia dawa ya kugandisha ili ikauke upesi, inaungua na kuwa ngumu kama biskuti, nayo inavunjika kama biskuti. Ukiipunguza, inabaki inanata hadi Krismasi. Barakoa si mapambo, vaeni. Na msicheke mkiona wanaume wazima wenye ndevu wanavaa sketi. Ni kitambaa cha mpira kinachoziba uwazi wa mtumbwi kiunoni ili maji yasiingie. Mimi nilicheka siku ya kwanza, na mwenye ndevu alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani.

Sasa niwaeleze sponji. Katika mitumbwi ile ya mito yenye kasi, ile ya kafi moja, mtu haketi. Anapiga magoti. Ana kafi lenye ubao upande mmoja tu, na anapiga upande mmoja tu, tangu anapoanza hadi anapomaliza. Wa kulia ni wa kulia, wa kushoto ni wa kushoto. Magoti yanakaa katika sponji ngumu iliyochongwa na kugundishwa ndani, nayo inamwegemeza mwili kuelekea upande wa kafi lake. Kwa hiyo mtumbwi uliochongewa mtu wa kushoto, mtu wa kulia hauwezi. Karibu wote waliofanya mazoezi kwenye bwawa lililo mbele ya karakana walikuwa wa kulia. Ule mwekundu ulikuwa wa bwana mmoja wa kushoto aliyehamia ng'ambo akauacha, na kwa sababu hiyo ulikuwa unakusanya mavumbi na mijusi.

Faida alikuwa mlinzi wa geti letu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, amevaa kofia ya kampuni iliyomfika kwenye nyusi. Mama yake nilimfahamu kanisani. Alikuwa msusi huko Berea, amefika Johannesburg kutoka kwetu na Faida akiwa mgongoni. Mtoto alikulia kule kwenye magorofa, Kiswahili anakisikia chote lakini anakijibu kwa Kizulu, na akilazimika anakisema kama mtu anayevuka barabara bila kuangalia robot, yaani taa za barabarani.

Siku moja, zamu yake imekwisha, alikuja mlangoni pa karakana.

"Papa Sifa, mimi naomba ile boti. Ile nyekundu."

"Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Eish, Papa. Kidogo."

Nilimvalisha jaketi la kuelea, nikaukung'uta mtumbwi mijusi. Akapiga magoti kama alivyoikuta sponji, akashika kafi kushoto kama sponji ilivyomtaka, akaanguka majini. Akapanda. Akaanguka. Ilikuwa mwezi wa saba, maji ya bwawa yale yanauma meno. Hakuna aliyemwambia kwamba sponji inaweza kubanduliwa ikawekwa upande mwingine, mimi mwenyewe nilikuwa sijajua. Wiki chache baadaye alikuwa anakata bwawa moja kwa moja, mtumbwi umenyooka, nami nikaacha msasa nikatoka nje kumtazama. Nasema wazi, sijawahi kuona kitu kizuri vile kikifanywa na mtu aliyevaa soksi za ulinzi.

Oom Hennie naye akatoka. Alimtazama kitambo, kisha akamwita.

"Unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Oom."

"Basi umepiga magoti upande usio wako, binti. Tutarekebisha baadaye."

Baadaye hiyo haikufika, maana Faida alianza kushinda.

Alijifunzia mto Jukskei, kule Midrand, baada ya mvua za radi za alasiri, mto unapojaa rangi ya chai na kubeba kila kitu ambacho jiji limechoka nacho. Tulipishana na magurudumu, masanduku, na safari moja friji yenye mlango. Kabla ya kushuka alitembea kwanza ukingoni. Alisimama juu ya kila poromoko, akafumba macho, akaanza kutikisa mabega na mikono hewani, akiupitia mto wote kichwani. Wafanyakazi wa maghala waliokuwa wakila chakula cha mchana walidhani ameingiwa na pepo. Kisha alishuka, na pale alipokuwa ametikisa bega ndipo hasa bega lilipotikisika. Mchungaji wetu alimlalamikia kwa kukosa ibada. Nilimwambia, Mchungaji, kati ya waumini wako wote hakuna anayepiga magoti kwa wiki kama huyu.

Kufikia 2017 alikuwa bingwa wa jimbo, bado analinda geti. Mama yake aliniita kwao kula. Nyumba yao ni chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana, wamegawanya kwa pazia. Mama Faida ni mtu wa utaratibu. Anapita na jagi na beseni, anamnawisha kila mgeni, na kwake mtu ananawa mkono wa kulia tu. Wa kushoto unakaa mapajani, kimya. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, na ndivyo alivyomlea binti. Nilinawa kama nilivyoelekezwa. Bukari yake, ndivyo tunavyouita ugali kwetu, ni ya kusifiwa, na sombe yake, yaani kisamvu, ni ya kunyamaziwa.

Mwaka uliofuata tulikwenda mto Vaal kwenye mashindano ya taifa. Lilikuwepo poromoko moja pale, mimi nililiita Kinu. Mto unagongana na jiwe kubwa kama kombi, unagawanyika mara mbili. Wote hupita mkono wa kulia wa jiwe, kwenye njia pana. Hapo kuna wimbi linalokutupa upande wa kulia, na wenye kafi la kulia wanaliegemea kafi lao juu ya maji kama mzee anavyoegemea fimbo, wanapita. Faida fimbo yake ilikuwa upande mwingine. Hakuwa na cha kuegemea.

Wimbi lilimpindua. Mto ukamkandamiza yeye na mtumbwi kwenye jiwe. Alikaa chini ya maji muda ambao sipendi kuukumbuka, kisha akaibuka mbali, upande mto unakoteremkia, goti linatoka damu. Mtumbwi ulitoka baada yake, vipande viwili.

Oom Hennie alikuwa ameshika kamba ya uokozi. Alipomfikia hakumpa pole.

"Utahamia kulia," akamwambia, "au hutashuka tena hapa. Mimi sitasimama kukutazama ukizama mara ya pili."

Faida alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani wakati ule, nalo lilikuwa kuwa bingwa wa taifa katika kafi moja. Na njia ya ubingwa ilikuwa inapita kwenye Kinu. Akakubali.

Vipande viwili nilivirudisha kuwa kimoja, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Kitambaa kwa ndani, kitambaa kwa nje, tabaka kwa tabaka. Lakini ulikuwa msimu wa baridi, na resini haigandi katika baridi ya Johannesburg. Taa ya joto ilikuwa imeungua. Ndipo Faida akaleta kofia ya kukaushia nywele kutoka saluni ya mama yake, ile kubwa ya kusimama kwa mguu wake. Tukauweka mtumbwi chini ya kofia kama mteja wa Jumamosi. Oom Hennie akauliza kama anataka na magazeti ya kusoma. Usiku umeme ukikatwa nilikuwa nafunika kwa blanketi langu mwenyewe. Ukaganda vizuri, na mpaka leo gonga mahali palipovunjika, hutasikia tofauti.

Kisha nikabandua sponji, nikaigeuza kulia.

Vijana, ilikuwa huzuni. Bingwa wa jimbo alikuwa anakoroga maji kama anapika uji wa jirani. Miezi ikapita. Anakuja asubuhi kabla ya zamu, anaanguka, anakausha nywele, anavaa kofia ya ulinzi. Hakulalamika. Siku moja tu aliniambia, "Papa, mimi nimekuwa mjinga tena." Nikamwambia uvumilivu, huku mwenyewe moyoni nimekata tamaa.

Mama Faida alikuja karakana kudai kofia yake. Wateja wake walikuwa wanatoka na nywele mbichi, na alikuwa amevumilia vya kutosha. Alitukuta ndani. Mtumbwi uko juu ya vibao, Faida amepiga magoti ndani yake, mimi nachonga sponji chini ya goti lake la kulia, Oom Hennie anaelekeza.

"Mbona amekaa kama mtu mwenye jipu?" akauliza.

"Tunamhamisha, Mama Faida. Alikuwa anapiga kafi kushoto, na yeye ni mtu wa kulia."

"Nani kasema ni mtu wa kulia?"

"Mwenyewe. Anaandika kulia, anakula kulia."

Mama Faida aliweka mkoba wake juu ya meza ya msasa, juu ya vumbi, na yeye si mtu wa kuweka mkoba kwenye vumbi.

"Anakula kulia kwa sababu nilimfunga," akasema. "Huyu alizaliwa wa kushoto, Papa Sifa. Kila kitu kushoto. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja na watu wa kanisa, wanamwangalia mtoto anapeleka mkono wa kushoto sahanini, wananiangalia mimi. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo wanavyosema? Nikachukua kitambaa. Kila chakula, nilimfunga huo mkono kiunoni. Alilia. Halafu akaacha kulia, nikajua imekwisha."

Nilikuwa nimeshika kisu cha kuchongea. Nikakiweka chini.

Faida alikuwa bado amepiga magoti ndani ya mtumbwi. Aligeuza kiganja chake cha kushoto, akakiangalia. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema Kiswahili bila kujikwaa.

"Mama, mimi siku zote nilidhani nina mikono mijinga. Vikombe vyote vile nilivyoangusha. Ulikuwa unanipiga kwa sababu ya vikombe."

"Niliogopa watu," mama yake akasema.

Alichukua kofia yake ya saluni, akaikumbatia kama mgonjwa, akatoka nayo. Mkoba aliusahau, ikabidi nimfuate nao hadi getini.

Niliporudi nilimfasiria Oom Hennie neno kwa neno. Mzee yule aliketi juu ya debe la resini. Kisha alikiokota kile kisu, na kwa mikono yake mwenyewe akaibandua sponji niliyohangaika nayo, akanipa.

"Irudishe ilipokuwa," akasema. "Mto hatuwezi kuuhamisha, na huyu naye hatumhamishi. Kwa hiyo tutatafuta njia nyingine."

Tulikwenda Vaal maji yakiwa yamepungua, sisi watatu, tukalizunguka lile jiwe. Upande wake wa kushoto kuna njia nyembamba ambayo hakuna aliyeipita. Jiwe lenyewe limebana mkono wa kulia kama ukuta, mtu wa kafi la kulia hana pa kulichovya. Lakini mkono wa kushoto maji ni wazi. Faida alisimama pale juu, akafumba macho, akaanza kutikisa bega la kushoto. Alitikisa muda mrefu. Alipofumbua alikuwa anatabasamu.

"Papa, hii ni sharp. Hii ni ya kwangu."

Tatizo lilikuwa chini. Sakafu ya njia ile ni jiwe lenye meno, na maji ni haba. Mtumbwi wa kawaida ungetoka pale umechanwa tumbo. Nikamwambia naweza kuongeza tabaka za kevla, kile kitambaa cha manjano kinachokataa mkasi, lakini kila tabaka ni uzito, na uzito huo ataubeba mto mzima, si pale peke yake.

"Wewe uweke tu, Papa. Mimi nitaubeba."

Niliweka. Hiyo ndiyo manjano mnayoiona tumboni mwa ule mtumbwi, mkisimama chini yake.

Mashindano ya mwaka huu, asubuhi ya safari, Mama Faida alinisubiri kwenye kona ya mtaa wao, amevaa kitenge cha ibada. Hakuwa ameongea sana na binti yake tangu siku ile ya karakana. Walikuwa wanasalimiana, wanapeana chumvi, basi. Alipanda pikapu, akafunga mkanda, na njia nzima aliongea habari za bei ya nywele za bandia. Tulipofika mtoni alikataa kusogea karibu. Alikaa kwenye mstari wa kumalizia, mgongo ameupa maji.

Pale wanashuka mmoja mmoja, kila mtu na saa yake. Mimi nilikuwa juu ya jiwe la Kinu na kamba ya uokozi. Walipita wote kulia. Kisha nikauona mwekundu unakuja, na watu waliokuwa ukingoni wakaanza kumwashiria kwa mikono, kulia, kulia. Hakuwaangalia. Akaingia kushoto.

Alipita chini ya miguu yangu karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa kofia. Kafi liliingia majini kushoto, likaingia tena, bila haraka, kama mtu aliyeko nyumbani kwake. Kisha nikasikia tumbo la mtumbwi likikwaruza jiwe. Sauti ile fundi anaisikia kwenye meno. Ikaendelea, ikaendelea, nikasema moyoni, shika, mama, shika, nikiongea na kevla. Ikanyamaza. Nilipogeuka alikuwa tayari yuko chini kwenye maji mapana, ameokoa muda ambao wengine wote walikuwa wameuacha kwenye lile wimbi, anapiga kafi kushoto, kushoto, kushoto.

Alikuwa bingwa wa taifa. Oom Hennie alimkumbatia akamwinua hadi mgongo wake ukalia, na pengine ndiyo sababu naye anaongea habari za kustaafu. Mtumbwi tulipougeuza, tabaka zangu zote zilikuwa zimechanwa isipokuwa moja. Oom Hennie aliupandisha darini mwenyewe.

Jioni ile Berea palijaa. Kanisa zima lilikuja, Mchungaji mbele, wengine wameketi juu ya kitanda, wengine kwenye ngazi. Pazia lilikuwa limeondolewa. Bukari ilikuwa mlima. Mama Faida akapita na jagi na beseni, kama kawaida yake, akaanza na binti yake kwa kuwa ndiye mwenye siku. Faida akatoa mkono wa kulia, ule aliofundishwa.

Mama yake hakumwaga maji. Alisimama ameinamisha jagi, anangoja, mpaka watu wakaacha kuongea.

"Lete na huo mwingine," akasema.

Faida aliutoa mapajani polepole. Ulikuwa na malengelenge ya kafi. Mama Faida akaushika, akaunawisha kidole kwa kidole mbele ya watu wote wa kanisa, na alimwaga maji mpaka jagi likaisha. Kisha akamega tonge la bukari, akaliweka katika kiganja kile kile. Mchungaji, aliyekuwa wa pili na mikono yake imeshanyooshwa, alingoja jagi lijazwe.